Ndevu za Pafnuti, Fundi Mapipa

Pafnuti Demyanich alichelewa kuota ndevu. Vijana wenzake wa mji wa Voronezh, huko Urusi, walikuwa na vichaka vya kupotezea makombo ya mkate, naye kidevu chake kitupu kama yai. Wasichana wa mtaani walimwita Shangazi. Kwa kutengeneza mapipa hakuwa na mpinzani, lakini nani akubali kuolewa na Shangazi? Fetinia, binti wa muuza samaki, alimpasulia bila kupepesa macho.

"Mimi siolewi na mwanamke mwenzangu. Ota kwanza, halafu tutazungumza."

Pafnuti akaota. Labda ni maombi, labda ni hasira. Zilikuja kwa kishindo, nyekundu kama manyoya ya mbweha, zikateremka mpaka kwenye mkanda wa suruali, na kabla ya mavuno kwisha Fetinia alikuwa ndani na vyungu vyake. Tangu siku hiyo ungeweza kumtukania Pafnuti mapipa yake, hata supu ya kabichi ya mkewe, naye akacheka tu. Ukizigusa ndevu, meno yako ungeyaokota kwenye theluji.

Wala hazikuwa pambo. Kwa watu wa kule, mwanamume kaumbwa kwa mfano wa Mungu, na Mungu, kwenye kila picha takatifu waliyoijua, ana ndevu. Kunyoa ni kumwambia Muumba kwamba kazi yake ilihitaji marekebisho.

Sasa wafalme wa Urusi. Tuwasengenye kidogo, wameshakufa. Wa zamani walitaka kodi, watu wakatoa. Waliofuata wakaitaka ardhi, kisha wakawataka na watu walio juu ya ardhi wasihame bila ruhusa. Watu wakanung'unika, wakabaki. Kila mfalme alikiinua kiti chake juu kidogo kuliko alivyokirithi, mpaka akaja Petro, mwenyewe mrefu kama mlingoti. Akaenda kutembea Ulaya, akaona watu wenye videvu vitupu na meli nzuri, akaamua kwamba videvu ndivyo vilivyoleta meli. Wasomi wameandika mengi kueleza mfalme mwenye mamlaka yote ni mtu gani. Ni yule ambaye mkono wake unafika kidevuni mwako, basi.

Amri ilisomwa sokoni. Makasisi waachwe na ndevu zao, wakulima wa vijijini waachwe wakiwa huko huko vijijini, na matajiri wanunue ruhusa. Fundi wa mjini asiye kasisi wala tajiri, wembe ulikuwa wake.

Wa kwanza kunyolewa mtaani alikuwa Kuzma mhunzi, jirani yake Pafnuti. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Pafnuti hakutia maji, alishika mbavu.

"Kuzma, ndugu yangu! Nani kakumenya hivyo?"

"Cheka, Demyanich, cheka," Kuzma alimjibu. "Hata mimi juzi nilicheka."

Wiki haikuisha. Pafnuti alikuwa anapeleka mapipa kwenye kiwanda cha meli za mfalme, askari wakamsimamisha langoni. Mmoja alikuwa na mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, butu vibaya.

"Amri ya mfalme. Toa kidevu."

"Mfalme mwenyewe kanyoa?"

"Kaacha masharubu."

"Basi na mimi niachie masharubu, tuwe ndugu!"

"Mzee, unazuia njia. Inua kichwa."

Wakamnyoa mbele ya farasi wake. Walipomwachia, mtu yule mzima alipiga magoti kwenye tope, akaanza kuokota nywele zake fungu kwa fungu na kuzitia kwenye kofia. Askari hawakumcheka. Walishawaona wengi wakifanya hivyo.

Fetinia alifungua mlango, akamtazama. "Mwenye nyumba hayupo. Njoo jioni."

"Fetinia, ni mimi."

Alicheka kwanza, Mungu amsamehe, halafu akaiona kofia na kilichomo, akakaa kwenye kizingiti akalia. Kisha akainuka, akaziosha ndevu zile kwa maji ya vuguvugu, akazianika, akazitia kwenye kifuko cha kitani na kukificha nyuma ya picha takatifu kwenye kona ya heshima. Wengi mtaani walikuwa na vifuko kama hicho. Siku ya mazishi kifuko huwekwa jenezani, ili marehemu akifika mlango wa mbinguni asionekane kidevu kitupu akadhaniwa mpagani. Atoe, aonyeshe: zangu hizi hapa, zilikatwa kwa nguvu. Funguo za mlango huo, kama ujuavyo, anazo mtakatifu Petro, lakini Pafnuti alikuwa amechoshwa na akina Petro. Yeye alipanga kupeleka kesi yake kwa mtakatifu Nikola, ambaye anajulikana kwa kuwasikiliza watu wadogo.

Mtoto wao Savva alikulia humo humo, akaajiriwa kwenye kiwanda cha meli, na alinyoa kwa hiari yake, tena kila asubuhi, akipiga mluzi. Nywele za kichwani aliziachia ndefu, nyekundu kama za baba yake, akazifunga kisogoni kwa utepe mweusi kama Mjerumani. Utepe huo ulimtoa baba yake roho.

"Baba," Savva alikuwa akimchokoza, "watakatifu hawana kazi nyingine huko juu ila kupekua mifuko?"

"Wewe utaonyesha nini? Utepe?"

"Nitaonyesha uso. Si ndio Mungu aliouumba?"

"Fetinia! Mwondoe mwanao huyu, nisije nikampiga na pipa!"

Mfalme alipokufa, Pafnuti alilia kanisani pamoja na wenzake, akarudi nyumbani akautupa wembe kisimani. Kwenye kiti akakaa mjane wa marehemu. Pafnuti alifurahi mno. Mwanamke, alisema, hana ndevu hata moja, za wengine zitamuuma nini? Akaacha zake ziote. Zilikuwa zimeanza kufunika koo askari walipomkamata sokoni, wakazikata. Amri ilikuwa ile ile. Wafalme wa Urusi hufa wao tu. Amri zao hubaki zikila mkate wa watu.

Kunyolewa huko ndiko kulikomvunja. Majira ya baridi yalipofika alikuwa amelala juu ya tanuri la nyumbani, kwenye joto, kama walalavyo wagonjwa wa kule, anakohoa, hataki hata uji. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kurudishwa mlangoni.

"Nileteeni kifuko changu," alisema asubuhi moja. "Nataka nikishike mwenyewe."

Fetinia alikitoa nyuma ya picha. Kifuko kilikuwa chepesi. Alitoka nacho mpaka ukumbini, Savva akamfuata. Walikifungua pamoja. Panya walikuwa wametoboa kitani na kuhamishia ndevu za Pafnuti kwenye viota vyao. Ndani mlikuwa na mavi yao na nywele mbili tatu.

"Kata za mbuzi," Savva alinong'ona. "Yule wa Kuzma ana rangi hii hii."

"Mbuzi! Una akili wewe? Siku ya hukumu kondoo kulia, mbuzi kushoto. Unataka baba yako afike amebeba ushahidi?"

"Mnasaga unga huko?" mzee aliita toka juu ya tanuri. "Mimi nakufa, jamani!"

Savva akafungua utepe, akamgeuzia mama yake kisogo. Fetinia alichukua mkasi akakata, machozi yakimtoka, akakata mpaka kichwa cha mwanawe kikawa kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Walizisugua nywele kwa majivu kidogo, wakashona tundu, wakajaza. Savva akavaa kofia yake na kumpelekea baba kifuko.

Pafnuti alikifungua, akaingiza vidole. Vidole vile maisha yote vilikuwa vikipapasa ubao na kujua ni mti gani.

"Zimekuwa laini."

"Miaka hiyo, baba."

Mzee akazinusa. "Zinanuka lami ya meli."

Fetinia alianza kupanga vijiko ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Savva," Pafnuti alisema, "tangu lini mtu anavaa kofia mbele ya picha takatifu? Vua."

Savva alivua. Baba yake alikitazama kichwa kile kwa muda mrefu, akitembeza macho kutoka kwenye kovu moja la mkasi hadi jingine. Kisha akakifunga kifuko kwa mikono yake mwenyewe, akakiweka kifuani.

"Nikola akiniuliza ni za nani," alisema, "nitamwambia ni za kwetu."