Zimwi Lililoshiba Moshi

Juzi droni ya mpiga picha ilipita juu ya harusi. Watoto walishangilia, mimi niliinama.

Utotoni, huko kwetu Masisi, wakati wa vita, kitu kama hicho kilivuma mchana kutwa juu ya shamba letu, na majirani wakaanza kufunga magodoro. Kaka aliniambia ni zimwi. Halikuwa na mabawa, kwa hiyo niliamini tumbo lake limejaa moshi wa majiko yetu. Nikamwaga maji yote kwenye moto wa Mama. Harufu ya majivu yaliyolowa ikatukaba.

“We mutoto, maharagi iko mubichi!”

“Ni moshi njo inabeba ile zimwi, Mama. Nataka ianguke.”

Hakunipiga. Nikatazama milimani: moshi ulipanda kutoka kila nyumba. Watu walikuwa wanapika chakula cha kukimbia nacho.