Miti Iliyovuma Makaburini

Andika kwanza, mjukuu wangu, kwamba baba yangu, Lihame, alizaliwa kando ya mto Lumemo, na mama yangu, Nawela, upande wa Mahenge. Usiongeze neno lisilotoka kinywani mwangu.

Vita vya Maji Maji vilipokwisha tulirudi kutoka mafichoni milimani, na kitu cha kwanza nilichokitambua nyumbani kilikuwa ukimya. Askari wa Wadachi walikuwa wamechoma maghala, mashamba na vichaka hadi ukingoni mwa mto. Mvua iliponyesha, majivu yalinuka kama chungu kilichosahauliwa motoni. Mama alipanda mbegu za maboga alizokuwa amezificha katika pindo la nguo yake, kwa kuwa hatukuwa na chakula kingine, na mdogo wangu alikuwa amevimba miguu kwa njaa. Maboga yakatambaa, yakachanua manjano shamba zima. Kisha kila tunda changa likawa jeusi, likadondoka. Nilitembea kati ya maua yale asubuhi nzima bila kusikia hata nzi.

Sauti pekee ilitoka makaburini. Ukoo wetu hufyeka nyasi kuzunguka kichaka cha makaburi kila kiangazi, kwa hiyo moto haukuingia. Wala hairuhusiwi kuvunja hata kijiti humo. Jua lilipofika utosini, kichaka kile kilivuma kwa sauti nzito isiyopumzika, kama watu wengi wanaoongea wakiwa wamefunga midomo. Baba alikuwa amezikwa humo kabla hatujakimbia. Watu walipita mbali.

Mama alimwendea shangazi, dada yake baba, aliyeyalinda makaburi.

“Wifi, naomba miche humo ndani.”

“Unawasikia wanavyonung'unika, na bado unataka kuwanyang'anya kivuli?”

“Wanaonung'unika ni nyuki, na maboga hayashiki bila nyuki.”

“Umewaona?”

“Sijawaona. Nipeleke nikawaone.”

“Njaa imekupa kiburi, wifi.”

“Imenipa mtoto anayekufa. Kaka yako akiwa na neno, atanidai mimi.”

Shangazi akatangulia. Mama alisimama mbele ya kila mti akiwa amefumba macho, akisikiliza. Uliokaa kimya aliuacha, hata ukiwa na umbo zuri. Mkole ulivuma, mkwaju ulivuma, lakini kivumbasi kilichoota juu ya kaburi la baba kiliishinda yote. Mama aliingiza mikono kukichimbua. Nyuki walitambaa juu ya vidole vyake, na hakuna hata mmoja aliyemchoma.

Kivumbasi tulikipanda katikati ya maboga kikiwa na maua yake, miche ya mkole pembezoni, na mche wa mkwaju mbele ya mlango, kwa miaka ya mbele. Siku ya tatu mvumo ukafika shambani. Maboga yakashika. Mdogo wangu hakuyangoja; tulimzika kando ya baba, na shangazi mwenyewe akapanda kivumbasi juu yake. Mimi nilikula maboga yale, ndiyo maana wewe upo hapa na kalamu yako.

Sasa baba yako anataka kung'oa mikole ile apate jaruba moja zaidi la mpunga. Anasema ni kichaka tu. Amezaliwa watu wakiwa wameshiba. Msomee haya, umsomee hadi mwisho. Wewe tunza mikole, tunza mkwaju, na kila mwaka weka mbegu za kivumbasi katika kibuyu kikavu. Usizigawe zote. Na mtu akikuomba mche, mpe, hata kama hamsalimiani.