Zizi Tuliloliosha Kupita Kiasi

Mama alikuwa mpishi wa shule yetu pale Kitengela, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu kwenye shule hiyohiyo, kwa hivyo maisha yangu hayakuwa na siri hata moja. Nikichelewa paredi, jikoni wameshajua kabla ya chai ya saa nne. Nikirudi kuongezewa githeri, yale mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, mwenye mwiko ni mama, na ananiuliza mbele ya umati, "Wewe, hiyo tumbo ulipewa na nani? Si mimi."

Nilimpenda, jamani, na ndiyo maana nililichukia lile jiko. Alipikia kuni chini ya mabati meusi ti, na macho yake yalikuwa mekundu Jumatatu hadi Ijumaa. Usiku alikohoa mpaka jirani wa ploti akawa anamletea maji ya moto bila kuitwa. Kila nguo yake ilinuka moshi isipokuwa kitambaa kimoja cheupe cha kichwa, alichokikunja ndani ya foronya na kukivaa kanisani tu. Shuleni hakukileta hata siku za sherehe. "Nikiingia na hii jikoni," alisema, "Jumapili pasta atadhani ni mbuzi choma amekuja kuomba."

Basi mwalimu wetu wa bayolojia, mlezi wa klabu ya mazingira, alipotuambia kwamba mavi ya ng'ombe yanaweza kupika githeri, wenzangu walicheka hadi wakalalia madawati. Mimi nilisimama.

"Madam, ikipika, kuni zinaisha?"

"Zinaisha kabisa."

"Na moshi?"

"Moshi utoke wapi? Moto wake ni wa buluu, safi."

Papo hapo nikajiteua mwenyekiti wa klabu. Hakuna aliyenipinga, maana hakuna aliyekitaka cheo chenye harufu ile.

Tulikuwa tumeshapelekwa Ngong kuona mitambo ya upepo, upepo ukachukua kofia ya naibu wa mwalimu mkuu na hatukuiona tena. Sola nayo tulikuwa tumeichora mpaka rula zikachoka. Lakini jua na upepo ni vitu vya kutazama. Hii ya mavi ilikuwa ya kutia mkono, na sisi watoto wa Kitengela, ambao nyumbani kila mtu ana ng'ombe au jirani mwenye ng'ombe, tuliiona ni yetu.

Shule ilikuwa na ng'ombe wachache wa maziwa nyuma ya maabara. Mafundi walikuja wakachimba shimo karibu na zizi, wakalaza ndani yake mfuko mweusi mrefu. Upande mmoja tulitia mavi yaliyokorogwa na maji, upande wa pili bomba likapeleka gesi jikoni. Mfereji wa zizi nao ukaelekezwa ndani ya mfuko, ili tone lisipotee. Huo mfereji tulijivunia sana, na ndio uliotuponza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama. Tulikoroga kwa miti, kisha kwa mikono, tukapakana, tukafukuzana. Baada ya majuma kadhaa mfuko ukaanza kuvimba, na kila mapumziko tulikimbia kuutazama. "Ni miezi mingapi sasa?" mtu anauliza. "Aki hii inazaa mapacha," mwingine anajibu, na tunaanguka kwenye nyasi kwa kicheko.

Siku Madam alipowasha kiberiti jikoni na ule moto wa buluu ukasema fuuu, tulipiga mayowe mpaka vichwa vikajaa kwenye madirisha ya madarasa yote. Mama peke yake alikunja mikono. "Wazee walisema pafukapo moshi pana moto," akasema. "Nyinyi mnaniletea moto hauna moshi. Huu ni moto ama ni uchawi?" Lakini nilimwona akisogeza kiganja chake karibu, polepole, akikipasha joto.

Mwalimu mkuu alitangaza msimamo wake palepale. Wageni wa elimu wangekuja kutoka Kajiado. Chai yao ikiiva kwa gesi, jiko la kuni linabomolewa. Isipoiva, anaagiza lori la kuni za muhula mzima, shimo linafukiwa, na basi la shule linapata pa kuegesha. Wenzangu walipiga makofi. Mimi niliwaza kikohozi cha mama muhula mzima, nikaomba Mungu kimyakimya, nimefumba macho katikati ya makofi.

Sasa, yeyote aliyesoma Kenya anajua kinachotokea shuleni mgeni akitajwa. Mawe yanapakwa chokaa. Miti inapakwa chokaa hadi kiunoni. Nyasi zinakatwa, vioo vinasuguliwa kwa gazeti, na ukisimama vibaya unaweza kupakwa chokaa wewe mwenyewe. Jemadari wa vita hivyo alikuwa naibu, yule wa kofia. Alituita klabu yetu, akatukabidhi mitungi ya ile dawa ya kuua viini, ile ambayo ukiitia majini yanageuka meupe kama maziwa. "Zizi ni lenu," akasema. "Nataka mgeni akitaka kulala hapo, alale."

Wah! Tulilisugua zizi lile. Tulisugua sakafu, kuta, hori, na mmoja wetu akasugua kwato za ng'ombe kwa mswaki. Tuliimba. Tulimwaga ndoo baada ya ndoo, na maji meupe yakateremka mferejini yakipiga mapovu, sisi tukiyasindikiza kwa fagio. Zizi likanuka hospitali. Naibu alipitisha kidole ukutani, akakitazama, na kwa mara ya kwanza tukayaona meno yake yote.

Na wageni hawakuja! Walipiga simu kwamba wamepata mkutano, watakuja mwisho wa mwezi.

Siku zilizofuata mfuko ulianza kunywea. Moto ukapungua, ukawa wa kuchemshia yai, kisha ukazima. Nilimtazama mama nikingoja anitanie. Hakunitania. Alichukua shoka akatoka kwenda kupasua kuni, na hilo liliniuma kuliko tusi lolote. Nilienda nyuma ya maabara nikalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia.

Madam alikuja mbio na gambuti zake. "Mmetia nini humu?"

"Mavi tu, Madam."

"Na nini kingine?"

Tukatazamana. Kisha sote, kama tuliopewa amri, tukautazama mfereji, na kutoka mferejini tukamtazama naibu aliyekuwa akipita.

Madam alishika kichwa. "Mle ndani kuna vijidudu. Wao ndio wanaotengeneza gesi. Mmewamwagia dawa ya kuwaua!"

"Sasa mimi nishtakiwe kwa sababu ya usafi?" naibu akauliza, na kwa kweli alikuwa amehuzunika.

Dawa ya dawa ilikuwa uchafu. Ilitubidi tuumwage ule uji uliokufa, tutie mpya wenye uhai. Mavi ya ng'ombe wetu pekee yasingetosha, kwa hivyo tukaenda machinjioni kuomba nyasi zilizosagika matumboni mwa ng'ombe, tukarudi na ndoo katikati ya mji, watu wakitupisha njia kama tumebeba jeneza. Rafiki yangu wa dawati moja, Mmaasai wa upande wa Isinya, akasema kwao mavi yamejaa boma zima. Bibi yake, koko, alitupakilia punda wawili. Kwake mavi ya ng'ombe ni ya wanawake kukandikia nyumba, kwa hivyo alitazama ule mzigo, akatutazama sisi, akauliza, "Hiyo nyumba mnajenga ni kubwa namna gani?"

"Ni ya kupikia chai, koko."

"Chai!" Alicheka mpaka akakaa chini.

Tulilisha mfuko asubuhi na jioni. Ulikaa kimya, ukatuchezea roho, halafu ukaanza kujiinua. Na kabla hatujamaliza kushangilia, wageni wakathibitisha kwamba wanakuja kesho, na naibu akasimama paredi akatangaza usafi.

Paredi ilipovunjika nilikimbia zizini, lakini naibu alikuwa amenitangulia. Nilimkuta mlangoni mwa zizi na brashi moja na mtungi mmoja. Mazoea yana taabu. Nikachukua fimbo ya kuchungia, nikajipanga mlangoni.

"Sir, hapa hapana."

"Unanizuia usafi? Wewe, mtoto wa mpishi?"

"Ndiyo, sir. Tafadhali, tuachie uchafu wetu."

Alitazama mtungi. Akatazama mfuko, umevimba vizuri. Kisha huyo akaenda zake. Aliporudi alikuwa amebeba kibao alichokiandika mwenyewe kwa chokaa, mwandiko wa duara kabisa: USIOSHE. Akakipigilia kwenye mlango wa zizi, akarudi nyuma hatua chache kuhakikisha kimenyooka.

Asubuhi ya wageni mama alitoka chumbani amefunga kile kitambaa cheupe.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba chetu, "leo si Jumapili."

"Si ulisema hakuna moshi?"

"Na kama haitawaka?"

"Basi nitanuka na wewe utafua mpaka uolewe." Akatangulia kutembea, na mimi nyuma yake.

Iliwaka. Fuuu! Sufuria ilichukua muda wake, mwalimu mkuu akichungulia kila mara, naibu akizunguka zizi kama askari, na sisi klabu tumeshikana mikono tukiangalia majani ya chai yakizunguka. Ilipopanda na povu nilipiga kelele, "Imechemka!" na mama akanizaba kofi la bega kwa kuliaibisha jiko lake. Wageni walikunywa. Mmoja alinusa kikombe kwanza, akanusa tena, akaomba cha pili. Mwalimu mkuu akatoa simu yake, akamwambia mtu wa lori asije.

Jioni nyumbani mama alifungua kitambaa, lakini hakukikunja. Alinitupia usoni. "Nusa."

Nilinusa pembe moja, nikanusa ya pili, nikanusa katikati palipoguswa na nywele zake. Kilinuka sabuni ya kufulia tu. Nikakishikilia pale pale puani nikilia na kucheka pamoja.

"Wewe," akasema mama, "toa makamasi yako hapo. Kesho nakivaa tena kazini."