Msukumaji Asikimbie, Atembee

Kosa langu la kwanza nikiwa mwamuzi wa mbio ni kwamba nilimfutia Salma ushindi wake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, filimbi ya plastiki shingoni na kanuni kumi na moja nilizoandika mwenyewe. Ile ya kwanza nilikuwa nimeipigia mstari mara mbili: msukumaji asikimbie, atembee.

Nikisema "enzi zetu" mamangu hucheka, maana nina miaka ishirini na sita tu. Lakini nyinyi mliokulia kwenye majengo ya Al Mankhool, huku Uarabuni, mkateremshwa chini kila Ijumaa baada ya pilau ili wazazi walale, mnajua kwamba enzi hizo zilikuwapo na zimekwisha.

Vigari vyetu vilitokana na masanduku ya safari. Watu wa Mombasa hawasafiri na mkoba. Masanduku yalikwenda likizo yamejaa mablanketi na maziwa ya unga, yakarudi yananuka achari ya embe, na mara nyingi gurudumu moja limebaki uwanja wa ndege. Gurudumu moja likishavunjika, mengine yalikuwa halali yetu. Tuliyafunga kwenye ubao wa kreti kutoka maduka ya baba zetu, tukaweka kamba ya kushikilia. Mmoja alikaa, mwingine alisukuma. Kwa kuwa magurudumu yote yalikuwa ya aina moja, aliyeshindwa hakuwa na la kusingizia.

Njia tulikuwa nazo tatu. Korido ya ghorofa ya tatu ilikuwa ya vigae, mwendo mzuri na kelele tamu, ila nyembamba mno. Aliyetangulia mwanzo ndiye aliyetangulia mwisho. Mteremko wa kuingilia maegesho ya chini ulikuwa na kasi ya kutisha, na mbio zilikwisha kabla hujameza mate. Nyuma ya jengo palikuwa na uwanja wa mchanga. Katikati ulishindiliwa na matairi ya magari ukawa mgumu kama chapati ya jana, lakini pembeni ulikuwa laini, na gurudumu likizama hutoki. Hapo hakuna aliyekwenda kasi, na hapo ndipo watazamaji walipojaa. Mama zetu walioamka walitokea kwenye roshani na nguo mbichi mikononi, wafanyakazi wa saluni ya chini wakatoka na vikombe vyao vya chai ya karaki. Ungeweza kupitwa mara tatu na bado ukashinda. Wakati ule sikujiuliza kwa nini.

Kisha mdogo wangu Nasri akavunjika jino kwenye mteremko. Natur wa jengo, yaani mlinzi, mzee tuliyemwita Ami Rafiq, aliosha damu ile kwa ndoo mbili za maji, akatupanga ukutani.

"Damu tena, khalas," akasema. "Hakuna mbio. Vigari vyote, jalalani."

Nilikuwa mtoto wa kuogopa. Nilipanga viatu vyangu kwa rula. Nikakaa na daftari siku tatu, nikatoka na suluhisho: mbio zote zihamie maegesho ya chini, sakafu laini, kuzunguka nguzo nne, bila mteremko wala mchanga. Na msukumaji asikimbie, atembee. Wenzangu walikubali kwa sababu filimbi ilikuwa yangu.

Mamangu alifurahi. "Mwenda pole hajikwai," akasema.

"Hajikwai kweli, khalati," Salma akamjibu, "lakini akifika chakula kimekwisha."

Salma alikuwa jirani yetu wa mlango kwa mlango, miaka kumi na mitatu, mdomo kama kisu cha samaki. Hakuwa ameshinda mbio hata moja. Msukumaji wake alikuwa mdogo wake Idi, mwenye miguu mirefu isiyokubaliana. Ijumaa ya kwanza ya kanuni zangu, Idi alitembea nyuma ya kigari akitikisa makalio, akapaza sauti: "Yakhe, hizi mbio au twamsindikiza bwana harusi?" Watu wakacheka. Ijumaa iliyofuata watazamaji walikuwa wanne. Kila kigari kilikwenda mwendo mmoja, kwenye sakafu isiyokuwa na mtego, na aliyeanza mbele alimaliza mbele.

Ndipo baba yake Salma akafunga duka. Wangerudi Mombasa Jumapili, moja kwa moja. Salma akanijia Ijumaa ile asubuhi, mikono nyuma.

"Tukakimbilie mchangani. Mara hii tu."

"Na mtu akiumia? Ami Rafiq atavitupa vyote."

"Mchangani nani ameumia, hata siku moja?"

Nikamwonyesha daftari.

Tukakimbia kule kule maegesho ya chini. Niseme tulitembea. Mzunguko wa mwisho, Faraj wa ghorofa ya tano yuko mbele, Salma nyuma yake kwa urefu wa kigari kimoja, kama walivyoanza. Kwenye nguzo ya nne Idi akauona mstari wa chaki, na miguu yake ikasahau kanuni. Akakimbia. Ami Rafiq, aliyekuwa anapita na ndoo, aliiweka chini akapiga makofi: "Yalla! Yalla, Salma!" Wakampita Faraj kwa upana wa kiganja.

Walikuwa wamebakisha hatua tano. Nikapuliza.

Idi akasimama palepale. Faraj akapita akisukumwa kwa mwendo wa kutembea, akashinda. Ami Rafiq akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwa nini?" akauliza. "Mimi sioni damu."

Salma hakulia. Alishuka, akanikabidhi kamba ya kigari chake. "Haya, mwamuzi. Shinda wewe."

Jumapili wakaondoka. Ijumaa iliyofuata nilishuka na filimbi. Alikuja Faraj peke yake, naye alikuja kuchukua bisibisi yake. Mbio nilizokuwa nalinda zisifungwe nilizifunga mimi, tena bila tone la damu.

Sasa nafanya kazi kwenye uwanja wa vigari vya mbio vya kukodi. Hakuna aliyenifundisha, usiku na mchana nimetazama kwenye simu mbio za magari za Marekani, zile za magari yanayofanana na ya barabarani, nikisimamisha picha na kuandika. Nimeona kwamba kwenye njia ndefu ya duara injini hupunguzwa nguvu, magari yakabanana, na watu hawakai vitini. Kwingine kupunguza huko huko kungeua utamu wote. Kikomo cha mwendo kinafaa kikiwasogeza watu karibu, halafu njia yenyewe iwape mahali pa kupitana. Uwanja wetu wa mchanga ulikuwa na vyote viwili bila kanuni hata moja.

Siku hizi uwanja ule ni hoteli. Watoto wa jengo letu hukaa ngazini na simu, wanaendesha kilomita mia tatu kwa saa, wakigonga ukuta wanaanza upya. Kinachochoka ni kidole gumba. Meno yao yote wanayo, nakiri.

Mwezi uliopita nilikuta lile daftari kwa mamangu. Ukurasa wa mwisho umeandikwa "Salma: amefutwa." Nikakata kwa kalamu, nikaandika "Salma: wa kwanza," nikaupiga picha nikamtumia Salma huko Mombasa. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, huku mtoto wake akilia nyuma yake.

"Miaka kumi na minne, wewe! Wallahi huna kazi. Umemwambia Faraj?"

Nilikuwa sijamwambia. Nikamwambia.

Kazini ninashika kitufe kinachopunguza mwendo wa vigari vyote kwa pamoja. Mwanzoni nilikibonyeza mtu alipovunja kanuni. Sasa nakibonyeza mtu akiwa hatarini.