Mama Cheche na Bomba Lililonguruma

Kiwandani walimwita Mama Cheche. Alikuwa mchomeleaji mwanamke pekee, miaka kumi na tisa kwenye moto, na kazi yake haikuwahi kutiwa doa. Mwaka ule bomba refu la maji litokalo kwenye pampu kubwa likapasuka penye kiungo alichochomelea. Akarudia. Likapasuka. Mara ya tatu mhandisi mpya, kijana wa rika la kitinda mimba wake, akamletea mbele ya wafanyakazi barua ya kukiri uzembe.

"Tia sahihi tu, mama, yaishe."

"Mkono huu hausaini kosa lisilo lake. Nipe siku mbili."

Siku mbili hizo alishinda ukutani kama mjusi, chaki mkononi, akilipapasa bomba shibiri kwa shibiri huku pampu ikinguruma. Hapa bomba lilitetemeka mpaka meno yakagongana; hatua mbili mbele limetulia kama maji ya mtungini; kisha likachachamaa tena. Na sehemu hizo hazikuhama. Penye utulivu akachora mstari, penye ghasia duara.

Na vibano vyote vya mpira, alivyoweka mhandisi kuzuia mtetemo, vilikuwa kwenye mistari!

Akamwita mhandisi mbele ya wafanyakazi. Akavisha bomba pete za karatasi. Pampu ilipowashwa, za kwenye duara zilirukaruka. Za kwenye mistari zikakaa kimya.

"Umebana palipotulia," akasema. "Utazuia nini hapo? Nguvu ya pampu inakwenda, inagonga mwisho, inarudi, inakutana na inayokuja. Haina pa kutokea. Imefungiwa humo, inalipinda bomba na kulinyoosha, na kiungo changu kiko katikati ya ghasia. Chuma gani kitastahimili?"

"Lakini hesabu zangu, mama..."

"Sijazikataa. Shika hapa."

Mhandisi akashika penye duara, akautoa mkono kama aliyegusa kaa la moto.

Vibano vikahamishwa siku hiyohiyo. Mpira ukainyonya ile nguvu, wenyewe ukawa vuguvugu. Ngurumo ikafifia, na kiungo cha nne kikadumu. Meneja akasema yameisha, watu warudi kazini. Mama Cheche hakurudi. Alipindua ndoo mlangoni pa ofisi, akaikalia: aliyelaumiwa hadharani asafishwe hadharani. Saa ya chakula ikampita hapo.

Hatimaye mhandisi akatoka, akapaza sauti: "Kosa halikuwa la mama. Lilikuwa langu."

"Wa kule kwenye pampu hawakusikia," akasema Mama Cheche, bado kaketi. "Rudia."

Akarudia.