Kamongo Aliyekataa Kufa Mbele ya Mkufunzi

Chekeni tu, mimi mwenyewe nilishamaliza kulia. Nilikuwa mazoezi ya kufundisha, shule moja ya msingi huko Buswelu, na siku hiyo mkufunzi wangu wa chuo alikuwa anakuja kunitazama kwa mara ya mwisho, yaani nikiboronga narudia mwaka mzima, na mama alishaanza kuniita mwalimu mbele ya majirani.

Chuoni tulikaririshwa kwamba mtoto husahau alichoambiwa, ila hasahau alichokiona. Haya. Somo lilikuwa samaki anavyopumua, darasa la nne, nikasema mimi sichori kitu ubaoni, napeleka samaki hai, nimtoe majini, watoto wamwone anavyotapatapa, wajue wenyewe kwamba matamvua bila maji hayafanyi kazi. Asubuhi nikaenda mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, kutafuta sato, lakini kila sato niliyemwona ameshakufa au anakata roho (na mimi bado nina safari ya Buswelu!), isipokuwa kamongo mmoja mnene, samaki mrefu kama nyoka, ndani ya ndoo, mzima kabisa, ananitazama. Nikamnunua bila kujiuliza kwa nini yeye tu ndiye mzima. Jamani, mimi mzaliwa wa Igogo, kando ya ziwa!

Darasani mkufunzi akakaa nyuma. Nikamtoa kamongo, nikamlaza mezani.

"Bila maji, baada ya muda mfupi atafanyaje?"

"Atakufaaa!"

Tukasubiri. Kamongo katulia, anafungua mdomo, anafunga, hana habari na mtu. Nikaeleza yote niliyoandaa, nikarudia, nikawaimbisha na wimbo, kamongo mzima. Moyoni namsihi, kufa baba, kufa nifaulu.

Neema wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, kamongo hafi. Wa kwetu alikaa kwenye beseni kavu mpaka jioni, anavuta hewa kama sisi."

Kamongo naye, kama aliyesikia anasifiwa, akajirusha chini, akaanza kujinyonganyonga kuelekea nyuma ya darasa. Watoto wakapanda madawati, mimi nimeinama namkimbiza, nikimshika anateleza, na mkufunzi (mtu mzima, na suti yake) yuko juu ya kiti anapiga kelele, "Mwalimu, mtoe huyo! Anang'ata!"

Tulipomrudisha kwenye ndoo, aibu imenijaa hadi masikioni, mkufunzi akajifuta jasho, akasema taratibu, "Kwa haki ningekuangusha. Njoo urudie Jumatatu. Na uje na mchoro."

Nikarudia na mchoro wa sato, nikafaulu, na nikaapa kiumbe hai hakiingii tena darasani kwangu.

Juzi niko sokoni Igoma, nachagua nyanya, msichana mrefu mwenye sare ya sekondari akanipigia goti kwa heshima zote. Alikuwa Neema.

"Shikamoo, Mwalimu Kamongo."

Soko zima likageuka. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Chuoni hawakutudanganya, mtoto hasahau alichokiona.