Honi Niliyoacha Kuipiga

Enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini, nilikuwa dereva wa lori la korosho na muhogo. Kwetu Kisarawe barabara ni vilima tupu, nasi madereva tulikuwa na desturi yetu: ukifika juu ya kilima unapiga honi ndefu, unazima injini, unaliachia gari literemke lenyewe ili kuokoa petroli. Wageni walituona wendawazimu wenye kelele. Lakini hata mbuzi wa Masaki, kijiji cha huko kwetu, waliijua honi ile. Wakiisikia tu, wanapisha njia.

Kibaha mambo yalikuwa mengine. Madereva wa huko wakikutana husimama katikati ya barabara, dirisha kwa dirisha, wakaulizana hali za nyumbani mpaka za mashemeji. Wewe uliye nyuma unaiva kwa jua. Tajiri mwenye lori aliponihamishia njia ya huko, nilipiga honi kwa hasira, nao wakanicheka.

"Wa Kisarawe huyo! Umebeba bibi harusi, ndugu yangu?"

Honi ya kilimani ndiyo iliyowachekesha zaidi. Nyani haoni kundule, nilijisemea, lakini kicheko kile kiliniuma. Nikaacha kupiga honi. Kuzima injini sikuacha.

Asubuhi moja, nimeshaipita Tumbi, niliteremka kilima hivyo hivyo, kimya. Mbele yangu mama mmoja mtu mzima alikuwa akienda shamba, jembe begani, amenipa mgongo. Nilidhani atasogea, kama wanavyosogea watu wa kwetu. Nilipokumbuka kwamba hana alichosikia, nilikuwa nimeshamfikia. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Madigadi ikamsukumia mtaroni. Mkono wake ukavunjika.

Watu wakaja mbio. Mama alikuwa akirudia, "Gari sikulisikia. Wallahi sikulisikia."

Binti yake akajishika kichwa. "Lori zima, mama! Masikio yameanza kukuacha."

Wote wakakubaliana naye. Kisha wakanigeukia mimi, wakanipa pole. Pale pale nilitakiwa kusema kwamba injini nilikuwa nimeizima. Sikusema. Niliogopa kunyang'anywa leseni, na zaidi ya hofu, nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi kwamba lawama imepata mwenyewe. Furaha ile inanichoma kuliko ule mkono.

Mkono ulipona. Baada ya miezi miwili nikampelekea sukari. Nilipiga hodi nje ya ua, kwa sauti yangu ya kawaida, na aliyeitika kwanza ni yeye, kutoka ndani. Binti yake akanieleza kwamba siku hizi hawamwachi atoke peke yake, si shambani, si kwa dada yake kule Magindu. Walisema naye kwa kupaza sauti, wakimsogelea usoni, naye amekwisha kuzoea kuwategea sikio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanishika kiganja kwa mikono yote miwili. "Unisamehe. Masikio yangu haya yalitaka kukufungisha bure."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Nikainama mpaka karibu na sikio la yule mama, nikapaza sauti kama walivyofanya wao.

"Nimekusamehe, mama!"